Kichurachura hakitengenezi ofisa

Nilipomaliza kidato cha sita nilikwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria. Wiki ya pili, kwa kosa la mtu mmoja kuchelewa mstarini, kombania nzima ilirushwa kichurachura, yaani kuruka kama chura tukiwa tumechuchumaa, kutoka bwaloni hadi kwenye tangi la maji, kwenda na kurudi. Kesho yake sikuweza kuchuchumaa chooni bila kushika ukuta. Kijana aliyelala kitanda cha juu yangu alikojoa mkojo wa rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa. Tulimcheka hanga zima, tukasema ni ukuruta unamtoka. Alilazwa siku nne.

Kwa miaka mingi niliamini huo ndio ukakamavu wenyewe, na kwamba huko wanakofundishwa maofisa hali ni ileile, ila kichurachura ni kirefu zaidi. Kilichonibadilisha ni kusoma habari za West Point, chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani, kilichopo juu ya mto Hudson tangu mwaka 1802. Kule mazoezi ya mwili ni somo: lina idara yake, wakufunzi, mitihani na maksi. Nimezikusanya hapa dhana ninazozisikia mara kwa mara vijiweni, na majibu yake.

Dhana: Doso, yaani adhabu za kambini, ndiyo mazoezi. Mtu akivunjwa ndipo anapokuwa imara.

Hii ndiyo mama wa nyingine zote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

West Point nao waliwahi kuiamini. Mwishoni mwa karne ya 19, wanafunzi wa madarasa ya juu walikuwa wakiwatesa wageni kwa kuwachuchumaza na kuwainua, chini juu, chini juu, huku mikono imetandazwa na kupigapiga kama mabawa ya tai. Ni binamu wa kichurachura chetu. Mwaka 1899 aliingia kijana aliyeitwa Douglas MacArthur, mtoto wa jenerali, na kwa kuwa alikuwa mtoto wa jenerali wakamtia adabu zaidi ya wengine. Alichuchumazwa mpaka miguu ikagoma, akaanguka, misuli ikimtetemeka bila yeye kuweza kuizuia. Mwaka uliofuata alifariki kijana mwingine aliyekuwa amekwishaacha chuo, Oscar Booz, na familia yake ikalaumu mateso ya pale. Bunge la Marekani likaanza uchunguzi, MacArthur akaitwa kutoa ushahidi, na mwaka 1901 utesaji wa aina hiyo ukapigwa marufuku kwa sheria.

Mwaka 1919 MacArthur huyohuyo alirudi West Point akiwa mkuu wa chuo. Alitoka kwenye vita vikuu vya kwanza, ambako aliona maofisa wenye vyeti safi wakishindwa kuongoza askari kwa sababu miili yao haikuwa tayari. Hakurudisha kuchuchumazana. Aliwaondoa wanafunzi wa madarasa ya juu kwenye usimamizi wa wageni, akaweka maofisa. Akaamuru kila kadeti, yaani mwanafunzi wa uofisa, awe na kipaji au asiwe nacho, acheze michezo ya mashindano kati ya kombania na kombania. Ndiko ilikotoka kaulimbiu inayotumika hadi leo, kwamba kila kadeti ni mwanamichezo. Desturi ya kutesana haikufa siku moja, na MacArthur alipoondoka mwaka 1922 hakuiacha imekufa, lakini kanuni ilikuwa imeshawekwa: adhabu ni adhabu, mazoezi ni mazoezi.

Tofauti yake hasa ni nini? Zoezi lina kipimo. Unaanza na uzito au umbali ambao mwili unaumudu, unauongeza kidogo, unaupa mwili muda wa kujijenga, unaongeza tena. Misuli haikui wakati unaitumia, inakua ukiwa umelala na umekula. Doso haina kipimo kwa sababu kinachoipima ni hasira ya anayeitoa. Na misuli isiyozoea ikitumiwa kupita kiasi inapasuka, inamwaga vitu vyake kwenye damu, figo zinakwama zikijaribu kuvichuja, na mkojo unageuka rangi ya strungi. Yule kijana wa kitanda cha juu hakuwa dhaifu. Alikuwa mgonjwa wa dharura, na sisi tukamcheka.

Dhana: Ukifika chuoni ndipo utakapotengenezwa, hata ukiingia legelege.

Hapana. West Point humpima mwombaji kabla hata hajapata barua. Kwa miaka mingi jaribio lenyewe limekuwa na vipengele sita, vinavyofanywa mfululizo kwa mapumziko mafupi: kurusha mpira wa kikapu ukiwa umepiga magoti, kujivuta kwenye chuma, kukimbia kwenda na kurudi kati ya mistari miwili, mazoezi ya tumbo, pushapu, halafu maili moja, yaani mita 1,600 na ushee. Hicho cha mpira wa kikapu huwashangaza wengi. Ukiwa umepiga magoti huwezi kukopa nguvu za miguu, kwa hiyo bega na kiuno vinasema ukweli. Kijana mwenye kifua cha jimu anaweza kurusha mpira karibu kuliko msichana mwembamba aliyecheza netiboli tangu shule ya msingi.

Ushauri wangu kwa mdogo wangu yeyote anayetaka kujiunga na jeshi lolote: anza miezi sita kabla. Wiki mbili za kukimbia kwa pupa ndizo zinazokupeleka kambini ukiwa tayari unachechemea.

Dhana: Jeshini ni kukimbia tu.

Mchakamchaka umetuharibu. Tumekua tukidhani askari ni mtu anayekimbia alfajiri akiimba. Kukimbia kupo, na lazima kuwepo, lakini majeshi yenyewe yamegundua kwa gharama kubwa kwamba kuongeza kilomita bila mpango huongeza majeruhi wa magoti na mifupa ya miguu iliyopata nyufa, bila kuongeza pumzi kwa kiasi kilekile.

Tazama kinachofundishwa kadeti wa West Point: ngumi, kuogelea kwa kujiokoa, na somo la kuumudu mwili, ambalo kwa macho yetu lingeonekana kama sarakasi. Kubingirika, kuruka vihunzi kwa mikono, kupanda kamba, kutua bila kuvunja kifundo. Wapo wanaofaulu hesabu ngumu kabisa wakakwama kwenye kubingirika kichwachini.

Halafu kuna ule mtihani wa vikwazo ndani ya jengo, unaofanyika kwenye jimu kongwe la Hayes tangu miaka ya vita vikuu vya pili. Nimeutazama mara nyingi kwenye video na bado unanitoa jasho nikiwa kwenye kochi. Kadeti anaanza kwa kutambaa tumbo chini ya vizuizi, anapita kwenye matairi kwa miguu miepesi, anaruka kihunzi kwa mikono miwili. Mbele yake kuna jukwaa lenye kimo cha mita 2.4, halina ngazi. Hapo ndipo wengi hupoteza sekunde. Mwenye mikono minene hujivuta kwa nguvu, anapanda, na mikono inakuwa imeisha kabla ya safari. Aliyefundishwa vizuri hujining'iniza, anabembea, anatupa mguu, anaukunja juu ya ukingo na kujiviringisha kama mtu anayepanda kitanda cha juu gizani. Baada ya hapo vyuma, tairi linaloning'inia, mbao nyembamba ya kutembea bila kuyumba, ukuta, ngazi ya kuning'inia kwa mikono, na kamba ya karibu mita tano.

Kamba ikiisha anatokea kwenye njia ya kukimbilia iliyo ghorofani, anakamata mpira mzito wa karibu kilo tatu, anazunguka nao, anaubadilisha na kijiti, anazunguka tena, halafu mzunguko wa mwisho mikono mitupu. Jumla ni mita 350, na hizo ndizo zinazoua. Kiwango cha kufaulu kimekuwa dakika 3 na sekunde 30 kwa wanaume, dakika 5 na sekunde 29 kwa wanawake. Akimaliza anakohoa, na wenzake wote wanakohoa, kikohozi kikavu ambacho kadeti wamekipa jina la jengo lenyewe. Wanalaumu vumbi la miaka themanini, na nadhani wana haki.

Mtu anayekimbia tu, hata akiwa na pumzi za Kipkeino, yule bingwa wa mbio wa Kenya, atakwama kwenye lile jukwaa.

Dhana: Sitapu mia zinakata tumbo, na ndicho kipimo cha askari.

Hakuna zoezi linalochoma mafuta mahali unapolifanyia. Isitoshe, jeshi la Marekani lililopima sitapu za dakika mbili tangu mwaka 1980 limekwisha kuziondoa kwenye jaribio lake. Badala yake askari anasimama kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, kisha saa inahesabu. Kazi ya misuli ya tumbo jeshini ni kuushikilia mgongo wakati umebeba begi. Toleo la mwaka 2025 lina mambo matano: kuinua chuma kizito kutoka sakafuni, pushapu za kunyanyua viganja, kukimbia huku ukivuta na kubeba mizigo, ule ubao, na maili mbili.

Dhana: Kunywa maji kabla ya kuruhusiwa ni ulegevu.

Kuna afande aliyewahi kumwaga madumu yetu mbele ya mstari, jua la saa saba, ili tujue jangwani hakuna bomba. Sikumsahau, na madaktari wa jeshi wangemkamata. Kiharusi cha joto huwapata hata vijana wenye pumzi nzuri kuliko wote, tena hao zaidi, kwa sababu ndio wasiokubali kusimama. Mwili uzoee joto kwa siku 10 hadi 14, kazi na mapumziko vipangwe kwa kupima joto pamoja na unyevu, na anayeanza kuyumba na kusema maneno yasiyoeleweka apozwe hapohapo kwa maji baridi au shuka za barafu, kabla ya kuhangaika kutafuta gari.

Lakini kinyume chake nacho ni dhana potofu, na hiki ndicho kisichosemwa. Miaka ya 1990 jeshi la Marekani lilikuwa na makuruta waliougua, na wengine kufa, kwa kunywa maji mengi mno. Sodiamu ya damu inapungua, ubongo unavimba. Dalili zinafanana na za joto: kichwa kinauma, mtu anatapika, anachanganyikiwa, na wenzake wanamnywesha zaidi. Mwaka 1998 mwongozo ulibadilishwa, ukaweka kikomo cha lita 1.4 hivi kwa saa. Kwa hiyo hata yule anayewalazimisha vijana wamalize chupa nzima kwa mkupuo kisha waigeuze juu ya kichwa, naye akapumzike.

Dhana: Wasichana hupewa huruma.

Wanawake 119 wa kwanza waliingia West Point mwaka 1976, wakahitimu 62 mwaka 1980. Tangu mwaka 2016 nao wanafanya somo la ngumi kwa lazima kama wavulana. Tofauti ya muda kwenye vikwazo ipo, nimeitaja, na kuna hoja za kweli za kujadili humo: jaribio likipima afya ya mwili, ni halali kuzingatia maumbile, lakini likipima kazi fulani ya vita, mzigo haujui nani ameubeba. Marekani wenyewe wameanza kutenganisha hivyo, kiwango kimoja kwa wote kwenye kazi za mapambano. Anayesema huruma, mimi namwonyesha lile jukwaa la mita 2.4. Halishuki kwa mtu.

Dhana: Moyo ukitaka, mwili utafuata.

Moyo ni muhimu, sikatai. Ila mwili una ratiba yake. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda, aliyekuwa amehitimu Sandhurst, chuo cha maofisa cha Uingereza, alipandisha mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya Kilimanjaro. Ni mita 5,895. Hewa ni nusu tu ya ile ya Dar es Salaam, na mtu anayekimbilia juu kwa ujasiri hurudi amebebwa, awe kamanda au mpagazi. Waongozaji wa mlima wana neno moja wanalomwambia kila anayepita getini, mtalii au komando, nao hawajawahi kulibadilisha: polepole.