Maji ya Mtera yakipungua, je, ndege wote huhama?

Wengi huamini kwamba kina cha Bwawa la Mtera, mpakani mwa Iringa na Dodoma, kikishuka, ndege wote huhama. Si wote. Maji yakirudi nyuma huacha tope lenye minyoo na wadudu. Hapo vitwitwi, ndege wadogo wa kandokando ya maji, huchokoachokoa kwa midomo yao myembamba, na korongo hudaka samaki walionaswa kwenye vidimbwi. Wanaoumia zaidi ni ndege wanaopiga mbizi kuwinda samaki, kama mnandi, hasa ukame ukirefuka na samaki wakaadimika.

Ukitaka kuhakiki, simama mahali palepale asubuhi, wakati wa kiangazi na baada ya mvua, uandike ndege gani anakula nini. Kumbuka vitwitwi wengi hutoka Ulaya na Asia, wakakaa huku takriban Septemba hadi Aprili. Usipowaona Julai, usikimbilie kulaumu kina cha maji.