Profesa Hafuati Jengo

Kazi yangu ni kusimamia michango ya wahitimu chuoni, na naulizwa sana: pesa ya mhitimu inamleta vipi profesa bora, au mwanafunzi mwenye kipaji? Hujibu kwa mfano wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Baltimore, Marekani.

Michael Bloomberg, bilionea wa biashara na meya wa zamani wa New York, alihitimu pale mwaka 1964. Baba yake alikuwa mtunza hesabu wa kipato cha kawaida, hivyo alisoma kwa mkopo na kibarua cha chuoni. Mwaka uliofuata alichangia dola 5. Mwaka 2018 akatoa dola bilioni 1.8, zote kwa misaada ya wanafunzi wa shahada ya kwanza. Tangu hapo udahili wa waombaji wa Marekani hauangalii mfuko wa mzazi, na mikopo waliyokuwa wakipangiwa wenye uhitaji imegeuzwa ruzuku isiyorudishwa. Yeyote anayekatwa mshahara na Bodi ya Mikopo anaelewa uzito wake. Kijana aliyefaulu sana hupata barua za vyuo kadhaa, na macho yake huenda kwenye ile isiyo na deni.

Kwa walimu, mwaka 2013 Bloomberg alitoa dola milioni 350, na milioni 250 kati ya hizo zikatengwa kuajiri maprofesa 50 wanaofanya kazi katika idara zaidi ya moja. Mwanasosholojia Kathryn Edin alitoka Harvard kuja kushika nafasi mojawapo.

Siri iko kwenye wakfu. Mtaji hauguswi, huwekezwa, na vyuo vingi huchota asilimia 4 hadi 5 kwa mwaka. Kiti cha uprofesa, yaani nafasi ya profesa inayolipwa na wakfu, chenye mtaji wa dola milioni 5 kikichotwa asilimia 4.5 hutoa dola 225,000 kila mwaka: mshahara, msaidizi wa utafiti, vifaa. Mtafiti akijua fedha hizo hazisubiri bajeti ya serikali, hukubali kuhamisha familia. Wanafunzi wa uzamivu humfuata yeye.

Wahitimu wengi hutamani jengo lenye jina lao. Nawaheshimu, ila jengo hudai umeme, ulinzi na rangi kila mwaka, na halifundishi mtu. Darasa zima la mwaka mmoja likichanga kidogo kidogo, naomba liweke kwenye wakfu wa ufadhili. Kabla ya kutuma, dai masharti kwa maandishi: mtaji utalindwa vipi, kitachotwa kiasi gani, na nani atakagua hesabu.