Chungu Kinalia Chenyewe

Ukitaja maonyesho ya vyungu, picha na sauti yenye ladha ya Kijapani, utasikia dhana potofu kadhaa. "Sauti ni muziki wa kupambia tu." Wengi huwazia spika imefichwa pembeni ikipiga filimbi ya shakuhachi. Kumbe chombo chenyewe kinalia. Bustani za Japani zina suikinkutsu: mtungi uliotobolewa kitako, ukafukiwa kifudifudi. Maji hudondoka kupitia tundu hilo hadi kwenye kidimbwi kilichomo ndani, na mlio wake hufananishwa na koto, ala ya nyuzi. Bakuli nalo, likitolewa tanurini, hulia. Linapopoa, tabaka la kioo lililopakwa juu husinyaa kuliko udongo, likaatuka nyufa nyembamba, ting', ting', wakati mwingine kwa siku kadhaa. Kinasa sauti kianzie hapo. (Sisi tunaogonga mtungi sokoni kusikiliza kama una ufa, somo hili hatulianzi sifuri.)

"Wabi-sabi ni kufinyanga ovyo." Hapana, ni mtazamo wa Kijapani unaoona uzuri katika usahili, kasoro na uchakavu. Sen no Rikyū (1522–1591), bingwa wa sherehe ya chai ya Kijapani, alimtaka mfinyanzi Chōjirō wa Kyoto amtengenezee bakuli za chai, ziitwazo raku. Zilifinyangwa kwa mkono bila gurudumu, lakini ukingo ulifikiriwa midomo itakayougusa, na uzito viganja vitakavyoubeba. Ule mtindo wa kutumbukiza chombo chekundu kwa moto ndani ya maranda ya mbao, ambao nao huitwa raku, ulizuka Marekani miaka ya 1960.

"Kintsugi ni gundi ya dhahabu." Katika kintsugi, ufundi wa Kijapani wa kuunga vyombo vilivyovunjika, kinachounga vigae ni utomvu wa mti wa urushi, dhahabu ni unga wa kunyunyizia juu. Na utomvu huo hukakamaa penye unyevu, si juani, ndiyo maana kazi huchukua wiki, hata miezi.

Kuhusu picha, watu husema chombo kimulikwe kila upande. Mulika hivyo bakuli jeusi la raku uone: linang'aa kama sufuria. Dirisha moja la ubavuni latosha, kivuli kikaachwa kilale mezani.

Kivuli hicho ndicho ma, neno la Kijapani linalodhaniwa kumaanisha utupu. Ma ni nafasi iliyo kati ya vitu viwili, nayo ina kazi yake. Kwenye suikinkutsu ni ule ukimya unaosubiri tone lijalo. Ukiukata ili rekodi iwe fupi, kilichobaki ni bomba linalovuja jikoni.