Je, wajua kwa nini makapi ya miwa yanahitaji samadi ndipo yatoe gesi?

Pita jioni pale Tabora mjini vijana wanapokamua juisi ya miwa. Kando ya mashine kuna rundo la makapi, bado yana unyevu na nyuki wamejaa juu yake. Kesho yake huanza kunuka uchachu, maana vijidudu vimeshaanza kula sukari iliyobaki. Basi kwa nini mtu asiyajaze tu kwenye mtambo wa biogesi, akaachana na mkaa?

Kwa sababu yakiwa peke yake yatamwangusha, tena mara mbili.

Kwanza ni hiyo sukari. Ndani ya mtambo, pasipo hewa, makundi ya vijidudu hupokezana kazi. Ya mwanzo hugeuza sukari kuwa asidi, haraka mno. La mwisho ndilo linalotoa methani, gesi inayowaka, nalo huenda polepole na halivumilii uchachu. Asidi ikizidi, kundi hilo hulala, na gesi itokayo haishiki moto.

Sukari ikiisha, zinabaki nyuzi. Tafuna muwa, uteme, kisha tazama ulichotema. Chakula cha vijidudu kimo humo, ni selulosi, lakini imefungwa na lignini, ileile inayoupa mti ugumu wake. Isitoshe, makapi yana kaboni zaidi ya mara 100 ya naitrojeni, na vijidudu hustawi kaboni ikiwa 20 hadi 30 kwa naitrojeni 1. Ni kama kumlisha mtoto ugali mtupu kila siku.

Hapo ndipo anapohitajika ng'ombe, na huku kwetu ng'ombe wapo. Tumbo lake lenyewe ni mtambo: hula majani makavu, akabeua methani. Kwa hiyo samadi mbichi huja na mbegu ya vijidudu, naitrojeni, na uwezo wa kutuliza asidi. Makapi yakatwe madogo sana, kwani vipande virefu huelea na kufanya ganda gumu juu. Yakilowekwa siku kadhaa kwenye maji ya chokaa, lignini hulegea. Kisha yaingizwe kidogo kidogo. Mimi ningeanza na ndoo moja kwa nne za samadi.

Viwandani mambo ni tofauti. Tani 1 ya miwa huacha kilo 250 hadi 300 za makapi, ambayo huchomwa kwenye matanuri kupata mvuke na umeme, na naona hapo yanatumika vizuri. Kinachofaa zaidi kwa biogesi huko ni tope la kichujio, yaani masalia yanayobaki juisi ya miwa inapochujwa, kilo 30 hadi 40 kwa tani ya miwa: ni laini na bado lina sukari.

Mita 1 ya ujazo ya biogesi ina nishati inayokaribia ya nusu lita ya dizeli. Moto wake ni wa buluu, hauachi masizi kwenye sufuria. Tope linalotoka mtamboni halinuki kama samadi mbichi, mwagia mchicha.