Kisogo kitupu cha mtoto wa miezi minne

Karibu kila wiki, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, ninapotibu watoto, mama humfungua mwanawe kitambaa cha kichwani na kunionyesha kisogo kisicho na unywele hata mmoja. Juzi alikuja mama kutoka Kadutu, mtaa wa hapa mjini, na binti yake wa miezi minne, aliyezaliwa na nywele nyingi nyeusi. Bibi ya mtoto, aliyewasindikiza, alikuwa ameshanunua wembe ili anyolewe na nywele ziote nzito.

Nilimwomba bibi kwa heshima auweke wembe ule mbali. Unywele huota kutoka kwenye mzizi ulio ndani ya ngozi, mahali ambapo wembe haufiki, ilhali mkato mdogo kwenye ngozi laini huwa mlango wa vijidudu. Kila unywele hukua, hupumzika, kisha hudondoka. Nywele za kisogoni huingia katika mapumziko hayo kwa pamoja mtoto anapokaribia kuzaliwa au muda mfupi baadaye, ndiyo maana hudondoka karibu zote kwa mkupuo kuanzia mwezi wa pili au wa tatu. Mto husingiziwa bure, kwa kuwa husugua tu nywele zilizokwisha kulegea. Mpya huota bila dawa, ingawa kwa watoto wengine hubaki chache mpaka mwaka wa pili, na zikijisokota huonekana fupi kuliko zilivyo.

Mimi huogopa zaidi rangi kuliko uchache. Katika bwaki (kwashiorkor), utapiamlo mkali unaovimbisha mwili, ambao mara nyingi humpata mtoto aliyekwisha kuachishwa ziwa na kulishwa ugali wa muhogo mtupu, nywele hugeuka nyekundu au manjano, hupoteza msokoto, na hung'oka zikivutwa kidogo bila mtoto kulia. Hapo bonyeza nyayo zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, kwa sekunde tatu. Vishimo vikibaki, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Mabaka yenye magamba yaliyopoteza nywele nayo mara nyingi ni vibarango, vinavyohitaji dawa ya kunywa, kwani mafuta ya kupaka peke yake hayafiki kwenye mzizi.

Yule binti kutoka Kadutu hakuwa na lolote kati ya hayo. Alikuwa akinyonya vizuri na uzito wake ukipanda. Nilimgeuza kuelekea dirishani, na kwenye mwanga tukaona malaika mapya, laini, yamejaa kisogo kizima. Bibi aliyapapasa kwa ncha ya kidole, polepole, kisha akamfunga mjukuu wake kitambaa.