Safari ya kuwaona sokwe msituni: hofu tulizozigeuza juu chini

Swali la kwanza la karibu kila anayefikiria kwenda kuwaona gorila au sokwe mtu porini ni hili: hawatatudhuru? Lina haki yake, maana gorila dume aliyekomaa hupita kilo 150. Lakini tangu watu waanze kupelekwa katika misitu hii, madhara makubwa yamekuwa yakitoka kwetu kwenda kwao.

"Gorila akipiga kifua, anakuja kukuua"

Kupiga kifua ni kujitangaza. Utafiti uliofanywa Rwanda ulionyesha kwamba kadiri dume anavyokuwa na mwili mkubwa ndivyo mlio wa kifua chake unavyokuwa mzito, kwa hiyo madume wengine wanausikia kwa mbali na kujua wanayeshindana naye. Mara nyingi hilo ndilo linalozuia mapigano. Hata dume anapokurupuka kuelekea kwa watu, kwa kawaida anatisha tu na kusimama njiani. Anayegeuka na kukimbia ndiye anayejiweka hatarini. Chuchumaa, inamisha macho, tulia, fuata ishara ya mwongozaji. Utamsikia mwongozaji akitoa mguno mzito wa kooni: ni sauti ya gorila wenyewe wanapokula kwa amani, naye anaitumia kuwaambia kwamba mmekuja kwa heri.

"Nina mafua kidogo tu, na safari nimeshailipia"

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Sokwe mtu ni jamaa zetu wa karibu mno, tunafanana nao kwa takriban asilimia 98.8 ya vinasaba, na gorila hawako mbali. Ugonjwa unaotupata sisi unaweza kuwapata wao, tofauti ikiwa kwamba miili yao haijawahi kukutana nao. Mwaka 2013, katika msitu wa Kibale nchini Uganda, sokwe watano wa kundi moja la 56 walikufa kwa ugonjwa wa kifua. Kilichokutwa ni kirusi cha binadamu, kile kile kinachowapa watoto mafua ya kawaida. Miaka michache kabla yake, mwaka 2006, ugonjwa wa kifua ulikuwa umepita katika kundi lililozoea watu kule Mahale, magharibi mwa Tanzania, na kuua kadhaa. Mwaka 2009 Rwanda ilipoteza gorila wa milimani, mama na mtoto mchanga, kwa kirusi kingine cha binadamu.

Ndiyo maana unapewa barakoa, unaambiwa usiteme mate msituni, na ukishikwa na chafya ugeuze uso uzibe mdomo. Umbali wa kukaa nao ulikuwa mita 7 kwa miaka mingi. Baada ya UVIKO-19 hifadhi nyingi zimeufanya 10. Ndiyo maana pia watoto wa chini ya miaka 15 hawapelekwi kwa gorila, kwa kuwa ni wepesi wa kubeba maradhi ya kuambukiza. Ukiamka na kikohozi siku ya safari, sema. Najua inauma kuacha kitu ulichokisubiri kwa miezi. Lakini anayemeza dawa ya kikohozi kwa siri ili asigunduliwe anaweza kuacha kilio nyuma yake, naye akarudi nyumbani bila hata kujua.

"Hawa wameshafugwa, ndiyo maana hawakimbii"

Hawajafugwa, wamezoeshwa watu. Wafuatiliaji huliendea kundi moja kila siku, bila chakula wala kamba, hadi siku wanyama watakapoacha kujali. Kwa gorila kazi hiyo huchukua miaka miwili au zaidi. Bwindi, Uganda, kundi la kwanza kufunguliwa kwa wageni lilikuwa Mubare, mwaka 1993. Zamani chakula kiliwahi kutumika kwa sokwe mtu wa Tanzania: Gombe waliwekewa ndizi, Mahale miwa. Kule Gombe ndizi zilileta ugomvi mkubwa miongoni mwa sokwe, na njia hiyo imeachwa kote kuwili. Kwa hiyo usimpungie sokwe ganda la ndizi ili akutazame. Na kama mtoto wa gorila, kwa udadisi wake, anakusogelea, ni wewe unayerudi nyuma, hata kama picha ingekuwa nzuri kiasi gani.

"Pesa yote hiyo kwa saa moja?"

Rwanda kibali cha mgeni kutoka nje ya Afrika ni dola 1,500 tangu mwaka 2017. Ni kubwa, sikatai. Saa inaanza kuhesabiwa mkishawaona, si mnapoondoka kituoni, na kabla hamjaamka wafuatiliaji wameshakwenda kwenye viota walimolala gorila jana kufuata njia yao. Kundi la gorila hupokea watu wasiozidi wanane kwa siku. Angalia pia kilichotokea: mwanzoni mwa miaka ya 1980, milima ya Virunga, mpakani mwa Rwanda, Uganda na Kongo, ilikuwa na gorila wapatao 250. Hesabu za karibuni zimekuta 604 Virunga na 459 Bwindi. Walinzi, madaktari wa wanyama na fedha za vibali vyote vina mkono hapo.

Lakini na upande wa pili wa dhana hii una kosa, ule wa kudhani kila shilingi inatua kwa wenyeji. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi kwa jamii za jirani. Na kule Uganda, Wabatwa, wenyeji waliokuwa wakiishi kwa kutegemea msitu wa Bwindi, waliondolewa ulipofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Wengi wamebaki bila ardhi. Ukienda, muulize mwenyeji wako Wabatwa wanapata nini.

"Ukilipa lazima uwaone"

Gorila, karibu kila mara. Sokwe mtu ni habari nyingine: wanatawanyika, wanapanda mitini, wanatembea kasi. Mahale hakuna barabara ndani ya hifadhi, unafika kwa boti au ndege ndogo, kisha ni miguu. Kiangazi kinapokaza wanashuka karibu na ziwa na kazi hupungua.

Mambo mengine mawili kwa ufupi. Msitu wa mvua si lazima uwe wa joto: Bwindi inapanda hadi mita 2,600 na asubuhi zake ni baridi. Vaa suruali ndefu, ichomeke ndani ya soksi kwa ajili ya siafu, na glavu kwa majani yanayowasha. Wala haihitajiki uwe mwanariadha. Wapo wapagazi wa kubeba mzigo na kukushika mkono kwenye utelezi, na asiyeweza kutembea kabisa hubebwa kwa machela na vijana wanaopokezana mlimani. Iagizwe mapema tu, maana inahitaji watu wengi.