Mama ana VVU? Arubaini ikiisha tu mtoto akapimwe

Huku kwetu Zanzibar mzazi akishajifungua anarudi kwa mamake, anakandwa maji ya moto, anapikiwa, hatoki mpaka arubaini, na jambo zuri hilo mimi silipingi hata kidogo. Tabu ni kwamba kliniki alikuwa anahudhuria Wete kule Pemba, kajifungulia Chake Chake, sasa yuko kwa mamake Bumbwini, Unguja, na namba ya simu aliyotuachia ni ya mume ambaye keshabadilisha laini. Sisi wa ufuatiliaji tukipiga haipatikani, mtoto keshapotea kwenye rejesta, tena wakati ule ule anaotakiwa kupimwa, maana arubaini na wiki sita zinapishana siku mbili tu.

Wengine wanauliza si asubiriwe akue apimwe kama watu wazima. Hapana jamani. Kile kipimo cha kidole hakitafuti kirusi chenyewe, kinatafuta kinga ambazo mwili umezitengeneza kupambana nacho, na mtoto anazaliwa na kinga za mamake ambazo zinaweza kubaki kwenye damu yake mpaka miezi 18, kwahiyo kinaweza kusema anao kumbe hana kitu. Kichanga anapimwa kwa PCR, inayotafuta kirusi chenyewe. Anatobolewa kisigino, damu inadondoshwa kwenye viduara vya karatasi maalum, kila kiduara kijae, kisipojaa maabara wanairudisha na mtoto anatobolewa tena. Halafu karatasi inaachwa ikauke masaa kadhaa kivulini, sio juani, ndo inafungwa na vipakti vya kunyonya unyevu. Damu ikishakauka hivyo haihitaji barafu, hata ikitoka Micheweni inasafiri vizuri tu. Mtoto analia kidogo, ananyonyeshwa, basi.

Haraka yote ya nini? Kirusi kwa kichanga kinakwenda mbio. Walioambukizwa wasipopata dawa nusu yao hawafiki miaka miwili, na vifo vingi vinatokea miezi ya pili na ya tatu, wakati mtoto kwa macho bado anaonekana mzima. Akigundulika anaanzishiwa dawa hapo hapo.

Sasa pale penye kuteleza wengi: majibu ya wiki sita yakija hana, familia inashukuru na hawaonekani tena. Lakini mtoto si bado ananyonya? Sisi tunanyonyesha mpaka miaka miwili, na muda wote huo njia iko wazi kama mama hamezi dawa zake. Ndo maana anapimwa tena miezi 9, na mara ya mwisho miezi mitatu au zaidi baada ya kuacha ziwa. Na kwa anayeogopa majirani, wiki sita na miezi 9 ni tarehe za chanjo, kila mama anakwenda na kadi mkononi, nani atajua umefuata nini?

Bila dawa yoyote, kwa akina mama 100 wenye VVU wanaonyonyesha, watoto 15 mpaka 45 wanaambukizwa. Mama akimeza ARV kila siku, na mtoto akapewa nevirapine ya maji (dawa ya kumkinga) tangu kuzaliwa kwa wiki sita (wengine zaidi, daktari ndo ataamua), wanashuka chini ya 5. Na bibi tunawaomba, miezi sita ya mwanzo ziwa la mama peke yake, hayo maji ya sukari na gripi wota yawekeni kando.

Aliyepimwa mimba changa akaambiwa hana naye arudi kupimwa wakati ananyonyesha, maana maambukizi mapya kirusi kinakuwa kingi mno mwilini na mtoto ndo anayapata kirahisi.

Ukitaka kuhamia kwa mama, mwambie muuguzi kabla hujapanda boti akuandikie rufaa, acha namba mbili, moja iwe ya mtu anayejua hali yako, na kituo utakachofikia toa kadi mwenyewe usisubiri kuulizwa. Majibu ukiambiwa bado, kaulizie tena wiki inayofuata.